Je, Nairobi imepata joto kweli, au mimi ndiye niliyeizoea baridi?

MfumajiKangemi

Habari zenu nyote. Mimi nafuma sweta za shule hapa Kangemi, kazi niliyorithi kwa mama pamoja na mashine yake. Zamani kuanzia mwezi wa tano tulikuwa tunafuma mpaka saa tano usiku na bado wazazi wanangoja mlangoni. Miaka hii nyuzi zinabaki guniani. Najua mitumba imekula sehemu ya biashara, hilo silikatai. Lakini nakumbuka tukienda shule alfajiri, umande unatuganda miguuni mpaka vidole vinakufa ganzi, na mvuke unatoka mdomoni kama moshi. Binti yangu wa gredi ya nne hashiki hata sweta ya kwenda nayo.

Basi nimenunua kipimajoto, kile chenye mrija uliopinda kama herufi U, na vijiti viwili vidogo vinavyobaki pale joto lilipofika juu kabisa na chini kabisa. Nimekitundika nje ya duka, kwenye ukuta wa mabati. Juzi saa nane mchana kimeonyesha 37. Hiyo ni Nairobi kweli? Joto la hapa limepanda kiasi gani, na mtu kama mimi anaweza kulifuatilia mwenyewe?

FundiWaUtawala

Dada, mimi sijashawishika. Julai iliyopita nililala na blanketi tatu na bado nikatetemeka. Baridi ya Julai iko palepale. Labda ni utoto tu, mtoto anahisi baridi kuliko mtu mzima.

MpimajiMstaafu

Binti yangu, nimesoma vipimajoto miaka 31, kwa hiyo niruhusu niandike kirefu.

Hiyo 37 iondoe akilini. Umepima mabati, hujapima hewa. Kwenye kituo cha hali ya hewa vipimajoto hukaa ndani ya kisanduku cheupe cha mbao chenye kuta kama dirisha la luva, upepo upite lakini jua lisiingie. Kinasimama juu ya nyasi fupi, kimo cha kifua. Kila siku saa tatu asubuhi nilifungua kile kimlango, nikasoma joto la juu kabisa na la chini kabisa, nikaandika kwa penseli, nikavirudisha vipimajoto tayari kwa siku nyingine. Jumlisha hizo mbili ugawe kwa mbili, huo ni wastani wa siku. Siku zote za mwaka zikupe wastani wa mwaka. Na mwaka mmoja hautoshi kusema lolote. Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutumia miaka 30, ndiyo maana utasikia 1961–1990 ikilinganishwa na 1991–2020.

Fundi, blanketi zako tatu nazikubali kabisa. Baridi ya Julai hapa huletwa na mawingu mazito ya chini yanayoziba jua kutwa nzima, na mawingu hayo bado yanakuja. Mwaka mmoja hupanda, mwingine hushuka. Volkano ya Pinatubo ilipolipuka Ufilipino mwaka 1991, dunia nzima ilipoa karibu nusu digrii kwa muda, kisha joto likarudi kupanda. Kwa hiyo tunatazama miongo. Tangu 1960 hadi mwanzoni mwa karne hii, wastani wa Kenya ulipanda takriban digrii 1, yaani kama 0.2 kila miaka kumi.

Watu husikia digrii moja wakainua mabega. Vijana waliokuja kujifunza kituoni niliwaambia watazame ardhi. Ukipanda mita 1,000, hewa hupoa kama digrii 6 na nusu. Dagoretti Corner iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kule Embakasi uko mita 1,624. Tofauti hiyo ni kama digrii moja, na kila anayetoka Dagoretti asubuhi akashukia Embakasi ameshavua koti. Basi digrii moja ni kuibeba Dagoretti nzima, na miti yake na mashamba yake ya sukuma wiki, ukaiteremsha mpaka Embakasi. Embakasi yenyewe nayo ukaisukuma kuelekea Athi River. Mimea haina koti la kuvua.

Huko Mlima Kenya barafu ya Lewis ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Nimeipanda mara mbili. Mara ya pili nilikaa juu ya jiwe nikalia.

MamaPacha_Pipeline

Mzee, mimi naishi ghorofa ya sita, mtaa wa Pipeline. Mchana navumilia. Shida ni usiku. Saa nne usiku ukiweka kiganja ukutani, ukuta una joto kama mgongo wa mtoto mwenye homa. Madirisha yanatazamana na ya jirani, hakuna upepo. Hilo nalo ni tabianchi?

MpimajiMstaafu

Mama Pacha, ni mambo mawili yaliyokutana ukutani kwako. Moja ni la dunia nzima, gesi za moshi wa makaa na mafuta zinazozuia joto lisitoke. La pili ni la mji. Mawe, saruji na lami hunywa jua mchana na kulirudisha usiku, na miti iliyokuwa ikipoza hewa kwa unyevu wake imekatwa. Sensa ya 1969 ilihesabu watu 509,286 Nairobi, ya 2019 ikahesabu 4,397,073. Wote hao wamejengewa. Ndiyo maana usiku ndio wa kuangaliwa zaidi. Mfumaji, ule umande wako wa utotoni ulikuwa habari ya joto la chini kabisa la alfajiri, si la mchana. Kumbukumbu yako haikudanganyi.

Kitoe kipimajoto kwenye mabati. Usikitundike ukuta wowote, maana hapa karibu na ikweta jua hupita kaskazini mwezi wa sita na kusini mwezi wa kumi na mbili, hakuna ukuta wenye kivuli mwaka mzima. Mwombe seremala akutengenezee kisanduku cha luva, ukipake chokaa, ukisimamishe penye nyasi. Soma saa tatu, kila siku, bila kukihamisha. Ukikihamisha, andika tarehe. Nimeona daftari nzuri za miaka mingi zikiharibika kwa sababu mtu alisogeza kisanduku hatua ishirini karibu na lami na hakuandika.

FundiWaUtawala

Hesabu ya Dagoretti na Embakasi imenikalia, mzee. Dada, mimi ni seremala. Nitumie vipimo vya hicho kipimajoto, kisanduku nitakutengenezea, lete mbao tu.

MfumajiKangemi

Asanteni sana. Kisanduku kimefika Jumamosi, tumekisimamisha nyuma ya kanisa kwenye nyasi, mchungaji amekubali. Binti yangu ndiye anayeandika wikendi na likizo, siku za shule naandika mimi. Leo saa tatu: juu 25, chini 14.