Je, anayezicheka nadharia za njama hawezi kudanganywa?

Mwuliza swali
Ndugu wanajamvi, salaam. Kwa miaka mingi nimemcheka kila anayedai kwamba serikali hutenda uovu kwa siri. Juzi nimesoma habari za Tuskegee, jimbo la Alabama, nikaona aibu. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600, 399 kati yao wakiwa na kaswende, ikiwaambia kuwa inawatibu "damu mbaya", ilhali penisilini, ambayo kufikia mwaka 1947 ilikuwa tiba ya kawaida, walinyimwa makusudi. Mkulima wa huko angeniambia mwaka 1960 kwamba madaktari wa serikali wanamtazama tu mpaka afe, nisingemcheka kweli?

Mchangiaji wa kwanza
Ungemcheka, ndugu yangu, na mimi pia. Linaloniumiza zaidi ni kwamba jambo lenyewe halikufichwa sana: ripoti za utafiti ule zilichapishwa katika majarida ya kitabibu tangu mwaka 1936, na wasomaji wengi wakazipita. Peter Buxtun, mtumishi wa idara hiyohiyo, alianza kuwalalamikia wakubwa wake mwaka 1966, na baada ya kupuuzwa akawapa waandishi wa habari nyaraka, hata habari ikatoka Julai 1972. Aliyetudanganya hapo ni imani yetu kwamba wataalamu wenye vyeo hawawezi kufanya ukatili ule, na imani hiyo hatukuwahi kuipima.

Mchangiaji wa pili
Nakubali, ila tusivuke mpaka. Nchini Pakistani wako waliowashuku wachanjaji kuwa ni majasusi, wakadharauliwa. Mwaka 2011 ikabainika kwamba shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilimtumia daktari kuendesha kampeni ya chanjo ya homa ya ini mjini Abbottabad ili kuisaka familia ya Osama bin Laden, na mwaka 2014 Ikulu ya Marekani ikaahidi kuwa hila hiyo haitarudiwa. Kwa hiyo shaka ya ujasusi ilikuwa na msingi. Hata hivyo, uvumi kwamba chanjo ya polio huwafanya watoto tasa ulibaki kuwa uongo, na watoto walionyimwa chanjo kwa sababu yake waliachwa bila kinga. Kila dai lataka ushahidi wake. Kuthibitika kwa moja hakulibebi la pili.

Mchangiaji wa tatu
Mimi ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto. Zamani mama aliyeuliza kilichomo ndani ya chanjo nilimkatiza, nikimhesabu kuwa mshirikina, na wengine hawakurudi tena. Siku hizi namketisha, namwonyesha chupa na tarehe ya mwisho wa matumizi, namweleza madhara madogo yanayoweza kutokea, ikiwemo homa ya usiku wa kwanza, kisha namsubiri aulize tena.