Picha ya zamani ya chombo cha matanga bandarini Unguja: naomba ushauri kabla haijaguswa

Mjukuu wa Malindi

Ndugu wanajukwaa, assalaam alaikum. Katika sanduku la marehemu babu tumekuta picha iliyobandikwa juu ya kadibodi nene, inayoonyesha chombo cha mizigo kimetia nanga bandarini Unguja, tanga likiwa limeshushwa na boriti zimejaa juu. Nyuma yake lipo jumba la ghorofa lenye baraza ndefu, na mnara umeshikamana na uso wa jumba hilo. Nadhani ni Beit al-Ajaib. Nisichokielewa ni milingoti mitatu inayochomoza majini bila chombo kuonekana chini yake. Picha imegeuka manjano, na kona moja ya kadibodi imeliwa na wadudu. Kaka yangu anataka fundi wa fremu aibandue, aisafishe na kuibandika upya, na mnunuzi mmoja ameshataja bei bila hata kuigeuza nyuma. Je, ni ya miaka gani, chombo ni cha aina gani, na tuitunzeje?

Msomaji wa Nyaraka

Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Hiyo milingoti ndiyo inayokupa jibu. Ni ya Glasgow, meli ya Sultani iliyozamishwa na Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, siku walipolipiga kwa mizinga kasri la Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultani bila ridhaa yao. Ilizama kwenye maji haba, milingoti yake ikabaki juu ya maji kwa miaka mingi, mpaka mabaki yalipoondolewa mwaka 1912. Mnara nao unashuhudia vivyo hivyo: kabla ya vita ulisimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib, ukaharibiwa siku ile ile, na huu ulioungana na jumba ni wa matengenezo ya 1897. Kwa hiyo tukio lililopigwa picha ni la kati ya 1897 na 1912.

Hata hivyo, umri wa tukio si lazima uwe umri wa karatasi, kwa sababu studio ziliendelea kuchapisha nakala kutoka vioo vya zamani vya negativu. Chukua lenzi ya kukuza. Ukiona vitone vidogo vilivyopangwa safu, hiyo imetoka kwenye mashine ya uchapaji. Ikiwa karatasi ni nyembamba na nyuzi zake zinaonekana ndani ya picha, yaelekea ni karatasi ya ute wa yai, iliyotumika sana katika karne ya 19. Ikiwa sehemu zenye giza zinang'aa kama fedha ukiiinamisha kwenye mwanga, basi ni ya karatasi iliyopakwa jelatini yenye chembe za fedha. Tazama pia kama kadibodi ina muhuri wa studio, kwa mfano A. C. Gomes au ndugu Coutinho, waliofanya kazi hiyo hapo Unguja.

Bin Nahodha

Kuhusu chombo, tuangalizie tezi, yaani sehemu yake ya nyuma. Ikiwa imekatwa bapa, ni jahazi la kwetu. Ikiwa imechongoka kama omo, yaani sehemu ya mbele, na omo yenyewe ina gogo refu lililojitokeza mbele, hilo ni bumu la Ghuba. Boriti peke yake hazitoshi kuamua, kwa kuwa jahazi zilizileta kutoka Lamu na Rufiji, na mabumu yakazichukua kwenda Arabuni upepo wa kusi ulipoanza.

Mjukuu wa Malindi

Nashukuru sana. Tezi imechongoka na gogo la omo linaonekana wazi. Vitone havipo, nyuzi za karatasi zinaonekana, na chini ya kadibodi kuna maandishi yaliyofifia yanayoanza na herufi G.

Mtunza Picha

Basi nakusihi, dada au kaka, usiruhusu ibanduliwe. Karatasi ya namna hiyo ikitolewa kwenye kadibodi hujikunja na kupasuka, na maji huweza kuuharibu uso wake moja kwa moja. Isitoshe, maandishi hayo ni sehemu ya ushahidi, yakitupwa pamoja na kadibodi picha inapoteza nusu ya habari zake. Gundi na utepe wa kunata visiguse popote. Pangusa vumbi la kadibodi tu kwa brashi laini, kisha iweke ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi, ilale bapa kwenye boksi, ndani ya chumba kikavu chenye hewa, mbali na ukuta wa nje. Unyevu wa pwani ndio adui yake mkubwa, ukifuatiwa na mwanga, kwa hiyo ukutani itundikeni nakala. Boksi likaguliwe mara kwa mara kwa ajili ya wadudu.

Kabla ya kuihifadhi, piga nakala ya mbele na nyuma kwa skana bapa, kadibodi yote ikionekana. Nakala hiyo ilinganishe na mkusanyo wa Winterton wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, wenye maelfu ya picha za Afrika Mashariki zinazotazamwa mtandaoni, halafu ipeleke kwa watu wa Nyaraka za Taifa Zanzibar, pale Kilimani. Mnunuzi na asubiri. Hata familia ikiamua kuuza, iuze ikijua inachouza, na ibaki na nakala pamoja na maelezo ya namna babu alivyoipata.