Shule ya mfumo wa Uingereza kwa watoto wanaohama na wazazi: mnaipimaje?

Mama wa Wawili anauliza:

Ndugu zangu wazazi na walimu, habari za leo. Mwajiri wangu ananihamishia nchi nyingine kwa mkataba wa miaka mitatu kuanzia Januari, nasi tutakwenda na watoto wetu wawili: binti aliyetimiza miaka 14 mwezi Machi, na mdogo wake wa kiume aliyetimiza miaka 9 mwezi Oktoba. Kwa kuwa hatujui tutaelekea wapi mkataba ukiisha, tumeona mfumo wa Uingereza utawafaa, maana shule zake zinapatikana katika nchi nyingi. Tumebakiwa na shule mbili. Zote mbili zinajiita za Uingereza, zina picha nzuri za maabara na viwanja, na kila moja inasema matokeo yake ni bora. Mojawapo imempangia mdogo Mwaka wa 4 ilhali sisi tulitarajia Mwaka wa 5, nami nahofia kwamba anarudishwa nyuma. Mliokwisha kupita njia hii, mlizipima shule kwa kipimo gani, na ni maswali gani mlijuta kutoyauliza kabla ya kulipa ada?

Mwalimu wa Kemia anajibu:

Mama, kuhusu mdogo tuliza moyo. Mwaka wa shule wa Uingereza huhesabiwa kuanzia tarehe 1 Septemba hadi tarehe 31 Agosti, na mtoto hupangiwa darasa kwa umri aliokuwa nao mwaka huo unapoanza. Septemba mwanao alikuwa bado na miaka 8, kwa hiyo mahali pake ni Mwaka wa 4, na atakuwa miongoni mwa wakubwa darasani. Shule imehesabu sawasawa.

Kwa hesabu hiyo hiyo binti yuko Mwaka wa 10, na mimi ningeelekeza nguvu zote kwake. Mwaka wa 10 na wa 11 ni kozi moja ya IGCSE, yaani cheti cha kimataifa cha sekondari cha mfumo wa Uingereza, inayofungwa kwa mitihani, na atakayeingia Januari atakuta muhula mzima umeshafundishwa. Kabla hujalinganisha majengo, ziombe shule zote mbili zikuandikie, somo kwa somo, bodi ya mitihani wanayotumia (Cambridge, Pearson Edexcel au OxfordAQA), namba ya silabasi, na mada zitakazokuwa zimekamilika kufikia Desemba. Uliza hasa juu ya sayansi, kwa sababu fizikia, kemia na baiolojia zinaweza kufundishwa kila moja peke yake, au zikaunganishwa katika kozi moja inayotoa alama mbili, na tofauti hiyo ina uzito kwa mtoto anayetaka kusoma udaktari au uhandisi. Shule inayofundisha kwa mpangilio inayo majibu hayo tayari kabatini.

Ama kuhusu neno lenyewe "ya Uingereza", mtu yeyote anaweza kuliandika langoni. Kusajiliwa kuwa kituo cha mitihani ni jambo moja, na kukaguliwa kama shule ni jambo jingine kabisa. Idara ya Elimu ya Uingereza ina mpango wa ukaguzi wa shule za Uingereza zilizo ng'ambo (British Schools Overseas), unaojulikana kwa kifupi BSO, na ripoti zake huwekwa wazi kwa umma. Isome yote, hasa sehemu za ulinzi wa watoto na uchunguzi wa watumishi kabla ya kuajiriwa, kwa maana hukumu iliyo ukurasa wa kwanza pekee haitoshi. Uanachama wa COBIS, baraza la shule za kimataifa za Uingereza, nao ni dalili njema, lakini uliza kama shule imepata ithibati yao kamili au ni mwanachama tu.

Baba wa Watatu anajibu:

Naunga mkono alivyosema Mwalimu, tena kwa uchungu. Sisi tulihama kijana wetu akiwa katikati ya Mwaka wa 10, tukaridhika kuambiwa kwamba "IGCSE ni IGCSE". Shule ya kwanza ilikuwa ikitumia bodi moja na ya pili bodi nyingine. Hisabati haikumsumbua sana, bali fasihi na historia zilimwelemea. Riwaya aliyokuwa ameisoma muhula mzima haikuwamo katika orodha ya shule mpya, na vipindi vya historia alivyovisoma havikuwa vile walivyokuwa wakivisoma wenzake. Bado ninalo daftari lake la fasihi, kurasa arobaini za maelezo kwa penseli, nukuu zimepigiwa mistari kwa rangi tatu, na baada ya tarehe ya kuhama hakuna kilichoandikwa tena. Historia akaiacha, nalo ndilo somo alilolipenda kuliko yote.

Lakini Mama, kuna jambo kubwa zaidi ambalo sijaona likitajwa. Hesabu mkataba wako. Binti akiingia Januari akiwa Mwaka wa 10, miaka mitatu itaisha akiwa katikati ya Mwaka wa 13, miezi michache tu kabla ya mitihani ya mwisho ya A Level, kozi ya miaka miwili ya kabla ya chuo kikuu, ambayo hufanyika kati ya Mei na Juni. Diploma ya IB (International Baccalaureate) nayo ni kozi ya miaka miwili, kwa hiyo ukiichagua badala ya A Level utakwama pale pale. Zungumza na mwajiri sasa, kabla hujatia sahihi, uombe mkataba ufike mwisho wa mwaka wa shule au ada na makazi yaendelee hadi mitihani ipite.

Mwalimu wa Kemia anaongeza:

Baba ameona mbali. Niongeze kwamba katika A Level za kimataifa za Cambridge na za Edexcel mwanafunzi anaweza kufanya sehemu ya AS, yaani nusu ya kwanza ya A Level, mwishoni mwa Mwaka wa 12, kisha alama zikahesabiwa katika matokeo ya mwisho. Kwa familia inayoweza kuhamishwa hiyo ni akiba ya maana, kwa hiyo uliza kama shule inaruhusu utaratibu huo.

Bibi Mstaafu wa Ualimu wa Msingi anajibu:

Mwanangu, wenzangu wamemsemea dada mtu vizuri, mimi nimsemee mdogo. Kwa mtoto wa miaka 9, bodi za mitihani ziko mbali. Yeye atashinda siku nzima na mwalimu mmoja, kwa hiyo uliza mwalimu huyo amekaa hapo miaka mingapi, ana sifa za kufundisha shule ya msingi, na walimu wangapi waliondoka mwaka uliopita. Katika shule za wahamiaji walimu nao ni wahamiaji, na nimeona darasa likibadilishiwa mwalimu mara tatu katika mwaka mmoja, watoto wakaacha hata kujifunza jina la anayeingia.

Omba akae darasani siku moja nzima, kisha usimuulize kama shule ni nzuri. Muulize alikaa karibu na nani wakati wa kula. Kama Kiingereza chake hakijakomaa, uliza msaada wa lugha hutolewa saa ngapi kwa wiki, nani huutoa, na kama huongezwa juu ya ada. Nyumbani endeleeni na Kiswahili bila haya, asome na kuandika. Cambridge ina mtihani wa IGCSE wa Kiswahili, na siku moja anaweza kuufanya.

Mama wa Wawili:

Nawashukuru sana nyote. Usiku ule ule niliziandikia shule zote mbili. Moja imenijibu kwa jedwali la masomo tisa, bodi, namba za silabasi na mada zilizokamilika, pamoja na barua ya mkuu wa idara ya sayansi akieleza atakavyomfidia binti mada mbili za fizikia. Nyingine imenitumia kijitabu kile kile cha picha. Kuhusu mkataba, mwajiri amekubali kuusogeza hadi mwisho wa Juni, nami nimeomba iandikwe. Jumatatu mdogo anakwenda kukaa darasani siku nzima.