Mjadala: Nani aliiua mieleka ya Uingereza, Big Daddy au ITV?

Mleta mada
Wakuu wa mieleka, tulijadili hili bila kuoneana haya. Mieleka ilianza kuonyeshwa ITV, televisheni ya Uingereza, Novemba 1955, ikaingia kwenye kipindi cha michezo cha World of Sport mwaka 1965, ikafutwa Desemba 1988. Jumamosi saa 10 jioni, sauti ya mtangazaji Kent Walton, halafu matokeo ya soka. Wengi humlaumu Greg Dyke, mkuu wa michezo wa ITV aliyeifuta. Mimi nasema Dyke alizika maiti tu. Aliyeua ni Max Crabtree wa Joint Promotions, kampuni iliyoandaa mapambano, alipoujenga mchezo mzima juu ya ndugu yake Shirley, ndiye mwanamieleka Big Daddy.

Tazameni kilichopotea. Kanuni za Mountevans za 1947 ziligawa pambano katika raundi za dakika tano tano, mara nyingi sita. Mshindi ni wa kwanza kupata mabao mawili: kumlaza mwenzako mabega yote mawili chini kwa hesabu ya tatu, au kumfanya asalimu amri. Asiyeinuka kwa hesabu ya kumi amepoteza pambano lote. Ukiangusha mtu huruhusiwi kumfuata chini kumpiga. Onyo la hadharani likifika la tatu, umetolewa. Ndani ya mipaka hiyo ndimo ufundi ulimozaliwa.

Mchangiaji wa 1
Mkuu, unamwonea Daddy. Juni 1981 alipambana na mwanamieleka Giant Haystacks pale Wembley Arena, na watu walikuja kumtazama yeye, si kanuni. Bila yeye kumbi nyingi zingefungwa mapema.

Mchangiaji wa 2
Pambano hilo la Wembley halikufika dakika tatu, na hapo ndipo penye ugonjwa. Daddy alikuwa na miaka 50, mzito, pumzi fupi. Kwa hiyo mapambano yake ya kawaida yalipangwa ya wawili kwa wawili: kijana mwepesi anapigwa muda mrefu, anatambaa hadi kona, anamgusa Daddy, Daddy anaingia, anawasukuma kwa tumbo, anamwangukia mmoja, kwisha. Kama njia ya kulinda pumzi yake ilifanya kazi vizuri. Lakini mbaya wa pambano, yule anayecheza kama adui, alishindwa kila wiki kwa namna ileile, na mbaya asiyeweza kushinda hatishi mtu. Vijana nao walibaki wa kuokolewa. Kijana Dynamite Kid alikwenda Calgary, Kanada, mwaka 1978, Davey Boy Smith akamfuata. Hao ndio wangekuwa nguzo za miaka ya 80.

Mchangiaji wa 3
Niongeze kuhusu huo ufundi, maana vijana husikia sifa bila kuoneshwa kitu. Mkono wako wa kushoto umekamatwa kifundoni na kupindwa kuelekea nje. Huuvuti. Unabingirika mbele juu ya bega, *ukifuata* upande wa msokoto, unainuka kwa kurusha miguu, na mkono unakuwa umenyooka. Kwa mkono ulio huru unashika kifundo cha mkono wake, unapita chini ya kwapa lake, sasa yeye ndiye aliyesokotwa. Ukibingirika kinyume, msokoto unaongezeka na bega linalipa. Mshikaji naye ana wajibu: alegeze kiganja kifundo kizunguke ndani yake, na asogee nusu hatua. Akiganda, kiwiko kinaumia.

Mwanamieleka Johnny Saint alifika mbali zaidi. Alijikunja kama mpira katikati ya ulingo, kichwa magotini, mkono mmoja tu ukionekana. Mpinzani anazunguka hajui pa kushika, anaushika ule mkono, anajikuta amerushwa. Jambo kama hilo linahitaji dakika za kutulia. Raundi ndizo zilizozitoa.

Mchangiaji wa 1
Nakubali kuhusu ufundi. Lakini msiisahau ITV. World of Sport ilipofungwa Septemba 1985, mieleka ilitolewa saa 10 ikahamishiwa mchana, na saa ikawa inabadilikabadilika. Mtazamaji aliyezoea saa ileile kwa miaka 20 hakuifuata. Mwaka 1987 Joint wakapoteza haki yao ya peke yao, nafasi ikagawanywa na kampuni ya All Star pamoja na WWF, kampuni ya mieleka ya Marekani. Ukiwekwa jirani na taa na muziki wa WWF, ukumbi wa mji mdogo unaonekana chakavu hata kama mieleka yake ni bora.

Mleta mada
Hoja ya saa naikubali, nilikuwa naipuuza. Ila ufundi ungekuwa bado mbele, ukumbi chakavu usingeonekana.

Mchangiaji wa 2
Basi tuulize kama inaweza kurudi. ITV walijaribu kipindi maalumu tarehe 31 Desemba 2016, kisha vipindi 10 mwaka 2018. Kile cha 2016 walirudisha jina la World of Sport, raundi hawakurudisha. Kosa kubwa. Raundi sita za dakika tano ni nusu saa, na mapumziko kati yake ndiyo nafasi ya matangazo. Hakuna haja ya kukata pambano katikati. Weka pambano moja kamili na moja fupi katika saa moja, wanamieleka wa uzito unaolingana, na refa anayetoa onyo la hadharani kwa sauti ili mtazamaji ahesabu mwenyewe. Refa huyo ndiye mgumu kumpata leo.