Nabeba magunia ya kilo 80, kocha kanipa mpini wa ufagio. Nihame au nivumilie?

Kuli wa Ghala (mleta mada)

Wakuu, habari za usiku. Kusoma huwa nasoma humu kila siku, ila kuandika ndiyo mara ya kwanza, mtanisamehe nikirukaruka.

Nina miaka 27, naishi Magomeni hapa Mtwara mjini. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba mpaka minada inapoisha, kazi yangu ni ukuli kwenye maghala. Gunia moja ni kilo 80, na siku ambayo magari yanafuatana huwa sihesabu nimebeba mangapi. Msimu ukiisha nabangaiza, leo zege, kesho bodaboda ya mtu. Nayasema haya mjue kwamba mzigo siuogopi.

Mwaka huu niliona kwenye simu mashindano ya kunyanyua, ile michezo mitatu: kuchuchumaa na chuma mabegani, kusukuma ukiwa umelala kwenye benchi, na kuvuta chuma kutoka chini. Nikasema hii ya kuvuta ni ya kwangu kabisa. Nikaanza jimu moja hapa mjini na washikaji, baadaye nikahamia kwa kocha mmoja anayefundishia uani kwake upande wa Chuno. Ana chuma kimoja cha kweli cha kilo 20 na sahani chache, vingine ni makopo ya rangi yaliyojazwa saruji.

Sasa sikilizeni. Siku ya kwanza kanipa mpini wa ufagio. Niushike mgongoni, uguse kisogo, uguse katikati ya mabega, uguse juu ya makalio, halafu niiname bila mpini kuachana na sehemu hata moja. Nikainama, ukaachia. Nikarudia, ukaachia. Watoto wa jirani wamepanda ukutani wanacheka. Leo ni wiki ya tatu, nimefika kilo 40, na hizo zenyewe hazianzii chini, kanipandishia chuma juu ya vipande vya mbao. Pembeni yangu kuna dogo wa chuo, mkono kama mwiko, anavuta 70.

Wenzangu wa ghalani walipita wakanikuta. Sasa hivi mtaani naitwa Ufagio.

Naomba ushauri. Huyu kocha ananidharau, anachelewesha ili niendelee kulipa, au mimi ndiye sielewi? Nirudi jimu ya kwanza ambako angalau chuma kinaongezwa?

Nahodha Mstaafu

Mkuu Ufagio, ada unalipa kwa mwezi au kwa kufagia uwanja?

Simba wa Newala

Hama kaka. Nguvu hailetwi na fito, inaletwa na uzito. Eddie Hall yule Mwingereza alivuta kilo 500 mwaka 2016, unadhani alifika pale kwa kushikishwa mpini? Na itazame video, mgongo wake haukunyooka kama rula. Kocha wako anakula hela yako taratibu.

Fundi wa Vyuma

Mleta mada, mimi nimepiga chuma miaka 14, Dar kwanza, sasa niko Masasi. Nitaandika kirefu kidogo maana swali lako nililiuliza mwenyewe zamani, tena kwa hasira.

Anza na gunia. Nani analitoa chini? Si wewe. Wenzako wawili wanalishika masikio, wanakutwika, wewe umeshasimama na goti umelilegeza kidogo tu. Ukifika unalitua kwenye rundo la kimo cha kifua. Kwa hiyo mwili wako unajua kubeba na kutembea, na kwa hilo nakuvulia kofia. Lakini kutoa kilo 80 ardhini peke yako, ukiwa umeinama, hiyo kazi hujawahi kuifanya kwa mpangilio. Miguu unayo na mgongo unao, kilichobaki ni kuinama.

Mpini wa ufagio unafundisha kujikunja kwenye nyonga, pale paja linapoungana na kiwiliwili, badala ya kupinda mgongo. Nyumbani fanya hivi: simama umeupa ukuta mgongo, hatua moja mbele yake, magoti yamelegea kidogo, kisha rudisha makalio nyuma mpaka yaguse ukuta. Sogea mbele kidogo, rudia. Ukisikia nyama za nyuma ya paja zinavutika, hapohapo ndipo. Ukisikia kiuno kinafanya kazi yote, umeshakosea.

Halafu zile mbao zinazokukera. Hapa ndipo nilipompenda kocha wako bila kumjua. Sahani kubwa ya mashindano ina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo chuma kinakaa sentimita 22 na nusu juu ya sakafu. Chukua futi ukapime kopo la rangi la lita 4, upana wake wote haufiki hiyo 22. Maana yake ukivutia chuma cha makopo kutoka chini kabisa unainama kuliko hata bingwa wa dunia, na mtu ambaye nyonga zake bado ngumu lazima apinde mgongo ili akifikie. Mbao zinakurudishia kimo halali. Kama dogo wa chuo anavutia zile sahani za kweli, basi hakushindi kitu hapo, mnaanzia kimo kilekile.

Simba wa Newala, Eddie Hall alikuwa mtu wa miaka mingi kwenye vyuma siku anavuta zile 500, tena kwa kamba za mkononi, na alipozitua alianguka damu zikimtoka puani. Huo si mfano wa kumpa mtu wa wiki ya tatu.

Kuhusu mwendo: ukienda mara mbili kwa wiki na kila siku ukaongezewa kilo 2 na nusu, kutoka 40 utakuwa 90 baada ya wiki kumi. Haitanyooka hivyo moja kwa moja, kuna siku utakwama. Ila ona hesabu yenyewe ilivyo na haraka.

Mwalimu wa Zamu

Naandika kutoka Lindi, mimi ni mwanamke, miaka 38, watoto wawili. Kaka yangu Kuli, nikupe upande wangu kwa sababu hapa wote mnaongelea kilo tu.

Mimi nilianza na bomba la maji lisilofika kilo 6. Kabla ya hapo nilikuwa na kocha mwingine, kijana mzuri tu, ila kila nikinyanyua ananipigia kelele vitu sita kwa mpigo: kifua! goti! kisigino! pumua! angalia mbele! kaza! Nikirudi nyumbani sikumbuki hata kimoja, ninachokumbuka ni kwamba watu waligeuka kunitazama. Niliacha miezi minne.

Huyu wa sasa ananipa neno moja kwa siku. Kuna wiki nzima neno lilikuwa "kisigino" tu. Kwenye kuchuchumaa visigino vyangu vilikuwa vinanyanyuka na magoti yanaingia ndani, basi yeye akaacha magoti akashughulika na visigino, na visigino vilipotulia magoti yenyewe yakafuata njia ya vidole. Ningeambiwa vyote pamoja nisingepata hata kimoja. Nikifanya vizuri ananiambia ni kipi hasa nilichofanya vizuri. Hakuna "safi safi" za jumla. Na nikisema leo sikulala, mtoto aliumwa, anapunguza uzito bila kunitazama kama mvivu.

Swali langu kwako: anakusema vibaya? Anakucheka? Anakulinganisha na dogo wa chuo? Maana kwenye andiko lako lote anayekulinganisha naye ni wewe mwenyewe, na wanaokucheka ni watoto wa ukutani na wenzako wa ghalani.

(Na kabla hajaja mtu wa "mwanamke akinyanyua atakuwa dume": wanawake wananyanyua kwenye Olimpiki tangu Sydney mwaka 2000. Mimi mume wangu bado ananitambua.)

Nahodha Mstaafu

Mwalimu kamaliza. Mimi nilikuwa natania tu jamani.

Nesi Shifti ya Usiku

Nimesoma mara mbili na kuna kitu kimerukwa. Mleta mada, ulianza jimu ya washikaji ukahama. Ulihama kwa nini? Mtu hahami mahali anapopapenda kwenda mahali anapopewa ufagio bila sababu.

Kuli wa Ghala (mleta mada)

Nesi umenishika pabaya.

Kule kwenye jimu ya kwanza, wiki ya pili, washikaji walipakia 100. Kila mtu anapiga makofi, "kuli huyo, kuli huyo". Nikavuta. Ikatoka chini, ikafika magotini, nikasikia kama uzi umekatika kiunoni upande wa kushoto. Nikaitua, nikacheka nao, nikasema niko sawa. Kesho yake kushuka kitandani nilijishikilia ukuta. Nilikaa wiki tatu bila kazi, nikakandwa na bibi maji ya moto, ikaisha. Karibu iishe. Asubuhi bado pananikumbusha.

Kocha wa sasa aliniuliza siku ya kwanza kama nimewahi kuumia. Nikamwambia hapana. Ningemwambiaje, mtu mzima, kuli, nimeumizwa na chuma?

Mwalimu, kuhusu maswali yako: hapana, hajawahi kunicheka. Ni mtu wa maneno machache. Huwa anarekodi kwa simu kutoka ubavuni halafu ananionesha, anauliza "hapa unaona nini?" Mimi nilichukulia ananionesha nilivyo mbovu.

Nesi Shifti ya Usiku

Asante kwa kusema ukweli. Maumivu ya kiuno ya namna hiyo mara nyingi ni misuli au mishipa iliyovutika, na mengi hupoa ndani ya wiki chache mtu akiendelea kujongea taratibu badala ya kulala tu. Bibi kakukanda, sawa, maji ya moto hayana shida. Usikubali tu mtu akukanyage mgongo au akuvute kwa nguvu.

Ila yapo mambo ambayo hayasubiri: maumivu yanayoshuka mguuni mpaka chini ya goti pamoja na ganzi, mguu kupungua nguvu, ganzi maeneo ya kukalia, au kushindwa kuzuia au kutoa mkojo na choo. Ukiona ganzi ya kukalia au shida ya mkojo, ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Na kama asubuhi bado panakukumbusha baada ya muda wote huu, nenda ukapimwe, haina haja ya kusubiri izidi. Pima na presha ukiwa hapo, kwa sababu kwenye kunyanyua mtu anaziba pumzi na presha inapanda ghafla. Mwenye presha ya juu anapaswa kulijua hilo kabla.

Fundi wa Vyuma

Nilichoandika jana nakiacha, ila sasa naongeza moja: nenda kamwambie. Leo. Kocha anapima dawa kwa anachokiona na anachoambiwa, na wewe umemnyima nusu.

Na hiyo 100 ya washikaji nakuhakikishia ilitoka hivi: chuma kilikuwa mbali na mguu. Kinatakiwa kiwe juu ya katikati ya unyayo, karibu kugusa ugoko, na kinapopanda juu kikwaruze miguu kama unapaka mafuta. Kikitangulia mbele kidogo tu, kiuno ndicho kinacholipa. Halafu usikinyakue kama unamnyang'anya mtu. Kivute kwanza mpaka usikie kimekaza kwenye sahani, ndipo usukume ardhi kwa miguu. Pumzi unaijua tayari: sekunde ile wenzako wanakutwika gunia, tumbo unalikazaje? Hivyohivyo. Hilo la kukaza tumbo hukufundishwa na mtu, lilete uani Chuno.

Simba wa Newala

Kama kiuno kilishavutika, basi naondoa la kuhama. Bado nasema ufagio wiki moja inatosha.

Mwalimu wa Zamu

Simba umepiga hatua, tunakupokea.

Kuli wa Ghala (mleta mada)

Wakuu, mrejesho baada ya siku nne.

Nilikwenda hospitali kwanza. Presha iko vizuri, daktari akanipima miguu, nguvu ipo na ganzi hakuna, akasema ni misuli na niendelee kujongea, uzito niongeze pole pole. Jioni nikaenda kwa kocha mapema kabla wengine hawajafika. Nikamwambia yote, 100, makofi, wiki tatu.

Akaniambia, "Nilijua siku ya kwanza. Ulipiga goti kufunga kamba za viatu, hukuinama." Nikamuuliza mbona hukusema. Akasema, "Ulishasema hujaumia. Ningekuitaje mwongo mbele ya watoto?" Ndiyo maana ya ufagio, ndiyo maana ya mbao, alikuwa ananifundisha kwa jeraha ambalo nimemficha.

Tukatazama video ya wiki ya kwanza na ya juzi, moja juu ya nyingine. Ile ya kwanza nimepinda kama ndoana ya changu. Sikujua. Ya juzi mimi mwenyewe niliona pa kurekebisha kabla hajaniuliza: naanza kuinua makalio kabla ya kifua. Akafurahi sana kwa hilo kuliko angefurahi ningevuta 100. Viatu pia kanikataza, nilikuwa navaa raba za soli nene laini, sasa navuta na soksi. Jumamosi nimefanya 45, mara tano, seti tatu, bado juu ya mbao, asubuhi ya Jumapili kiuno kimya.

Nina swali dogo limebaki. Oktoba ghala zikifunguliwa, mchana kutwa magunia, jioni chuma, nitaweza?

Fundi wa Vyuma

Hutaweza, na usijaribu. Msimu wa magunia punguza hadi siku moja kwa wiki, iwe siku ambayo hukuingia ghalani, uzito wa kati tu wa kukumbusha mwili umbo. Kuongeza kilo ngoja mpaka korosho ziishe. Lala, kunywa maji ya kutosha na joto hilo, na kula: ming'oko (vile viazi vya porini) na muhogo ni nguvu ya kazi, lakini weka samaki, dagaa, kunde, karanga, ili misuli ijengeke. Pesa ya makopo ya unga wa protini wa kigeni kamlipe kocha.

Nahodha Mstaafu

Huo uani Chuno ni sehemu gani hasa? Kuna jirani yangu anauliza. Miaka 56, kiuno kinamsumbua, na ufagio anao wake.