Pesa ya damu mpya: tununue dume au jike?

Mwana wa Ngong Road: Swali langu kwa wapenzi wa mbio za farasi za Jumapili. Mfugaji wetu akipata pesa ya kuleta damu mpya kutoka Afrika Kusini au Uingereza, anunue dume au jike? Mimi nasema jike. Jike Urban Sea alishinda Prix de l'Arc de Triomphe (Arc), mbio kubwa ya Ufaransa, mwaka 1993, kisha akamzaa Galileo, mshindi wa Derby ya Epsom kule Uingereza 2001, na Sea The Stars, aliyechukua Derby hiyo pamoja na Arc mwaka 2009. Mmoja baba yake ni Sadler's Wells, mwingine ni Cape Cross. Mama ni yule yule. Nani anabisha?

Kiatu cha Chuma: Nabisha mimi. Jike ni gunia la kubebea mimba tu. Miezi 11 anabeba, mtoto mmoja kwa mwaka. Dume anapanda majike zaidi ya 100 kwa msimu. Frankel alikimbia mbio 14 akashinda zote 14, baba yake ni huyo huyo Galileo, ambaye nadhani naye Arc alishinda.

Nyambura wa Dagoretti: Gunia? Umewahi kukesha na farasi anayezaa, ukaona mtoto anasimama na kutafuta titi kabla jasho la mama halijakauka? Gunia halinyonyeshi. Na Galileo hajashinda Arc hata siku moja. Aliyeshinda ni huyo unayemwita gunia.

Kiatu cha Chuma: Dada, nimezungumzia farasi, sijamtaja mwanamke yeyote. Usinitie maneno kinywani.

Nyambura wa Dagoretti: Nimekujibu kuhusu farasi. Soma tena.

Daktari wa Kabete: Tuliza boli. Mna habari kwamba farasi wa mbio wa damu hii, Thoroughbred, hasajiliwi akizaliwa kwa mbegu ya mrija? Ng'ombe tunampandisha hivyo kila siku, huyu lazima dume apande mwenyewe. Kwa hiyo ukinunua jike ambaye tayari ana mimba ya dume mkubwa, umeleta damu mbili kwa nauli moja. Hoja iko hapo.

Kiatu cha Chuma: Daktari, na ule moyo mkubwa wa Secretariat, yule dume bingwa wa Marekani, si ni mambo ya baba?

Daktari wa Kabete: Wapo waliosema moyo huo unapita kwenye kromosomu ya X. Haijathibitishwa. Ila dume hampi mwanawe wa kiume X yake, anampa binti. Na angalia Secretariat alisifika kwa nini shambani: mabinti. Weekend Surprise alimzaa A.P. Indy, Terlingua akamzaa Storm Cat, wote madume wakubwa.

Saisi wa Zamani: Vijana, heshima kidogo. Kwetu Kajiado baba yangu alimtaja ng'ombe kwa mama yake, na hakukosea ukoo. Jike La Troienne alizaliwa Ufaransa, hakushinda mbio hata moja, akauzwa akapelekwa Marekani. Huko akamzaa Bimelech na Black Helen, na koo za mabingwa zikatoka kwa mabinti zake. Lakini niwaulize: jike wa namna hiyo akiwa hapa kwetu, nani anamjua? Saisi. Ndiye anayejua anakula vipi na anamkubali mtoto vipi. Na jina la saisi haliko kwenye kadi ya mbio.

Mwana wa Ngong Road: Mzee, shikamoo, lakini swali lilikuwa dume au jike.

Nyambura wa Dagoretti: Muache mzee aseme. Saisi anaamka saa kumi alfajiri, farasi akishinda picha ni ya mwenye farasi.

Kiatu cha Chuma: Mwenye farasi ndiye analipa chakula, daktari na viatu. Asiyetoa shilingi anataka picha ya nini?

Saisi wa Zamani: Kijana, mimi nimetoa mgongo wangu. Jike mmoja alinipiga teke la mbavu akiwa na uchungu, na usiku huo huo nikamvuta mtoto miguu ikiwa imekwama. Mtoto yule alikuja kushinda. Niambie shilingi ngapi hizo.

Kiatu cha Chuma: Pole mzee. Lakini baba ya huyo mtoto alikuwa nani?

Nyambura wa Dagoretti: Umeona sasa? Hata hapo hujauliza mama.