Maji ya kusuuzia nikeli yamegoma kusafika, nimetia chokaa bado kijani

Mchovya_Ngamiani:
Wakuu habari za saa hizi. Tuna kikarakana huku Tanga tunapiga nikeli (tunavipaka ile nikeli ya kung'aa) vyuma vya pikipiki na vitasa, maji ya kusuuzia nayakusanya kwenye pipa maana mtaro wetu unaishia baharini na shemeji yangu ndo anavua hapohapo. Nimetia chokaa mpaka pH (kipimo cha uasidi, 7 ni katikati) 8, yametuama siku nzima ila juu bado kijani. Nakosea wapi? Na hiyo nikeli siwezi kuirudisha? Chumvi yake bei inauma jamani.

fundi kostiki:
pH 8 ndo shida mkuu. Panda mpaka 10 na nusu hivi itaganda kama uji wa kijani, iache itulie, maji ya juu uyapime, uyashushe pH kwa asidi kidogo ndo uyamwage. Chokaa inashusha vizuri ila tope linakuwa kibao maana ikikutana na salfeti iliyomo kwenye maji hayo inageuka jasi, kama unaitaka nikeli yako tumia kostiki (magadi makali, sodiamu haidroksaidi), tope linakuwa dogo halafu safi, ukiliyeyusha kwa asidi ya salfa unapata salfeti ya nikeli tena. Vaa glavu na miwani, kostiki haina undugu.

Bi Maabara:
Kaka mnatumia umeme au ile ya kuchemsha bila umeme? Ile ya bila umeme ina vitu kama asidi ya sitriki au amonia vinaishikilia nikeli isianguke hata upandishe pH vipi. Na kama mnapiga kromu maji yake yakae mbali, ile kromu ya njano chokaa haiigusi mpaka uibadili kwanza kwa unga wa metabisalfaiti kwenye pH 2 au 3. Sayanidi ndo usiseme, ikikutana na asidi inatoa gesi ya kuua.

Mzee wa Pongwe:
Mnamfundisha kijana kuzoa maji yaliyomwagika. Chuma kikitoka kwenye dawa (lile pipa la nikeli mnalochovyea) kining'inize hapohapo juu sekunde 20, 30, kichuruzike. Halafu pipa la kwanza la kusuuzia lisitiririshe maji, maji yake yakikolea yachuje uyarudishe kwenye dawa, si dawa iko nyuzi 50 na ushee inapungua kwa mvuke kila siku?

Mchovya_Ngamiani:
Duh mzee, sisi kila asubuhi tunajazia maji ya bomba! Dada tunatumia umeme, kromu hatuna. Kesho naanza na pipa la mzee, hili la kijani nalipeleka 10 na nusu nirudi na majibu.